Siku Niliporekebisha Kibodi Yako

Papa yangu,

Nakuandikia kwa kompyuta, polepole, nikiangalia kila herufi kabla ya kuibonyeza. Wewe hukuwahi kuandika hivi. Pale Masisi watu walikuja kwenye kile chumba chako cha kuandikia barua na vyeti, wakasimama mlangoni kukutazama tu: macho kwenye daftari, vidole vinakimbia, na mdomo unaendelea kumtania mtu. Ulijifunza kwenye mashine ya chuma ya kuchapia, kwa masista kule Walikale, miaka mingi kabla sijazaliwa, na uliringa kidogo kwa hilo. Ulikuwa na haki ya kuringa.

Kompyuta uliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Vitufe vyake vilichapwa kwa mpangilio wa Kiingereza, lakini ndani uliiweka kwa mpangilio wa Kifaransa, ule wa mashine yako ya zamani. Kwa hiyo aliyeangalia vitufe alipotea: anabonyeza A, inatokea Q, anabonyeza M, inatokea alama ya mkato. Wateja walisema ina wazimu. Wewe ulicheka.

“Usiangalie maandishi ya juu,” uliniambia. “Ile iko uongo. Vidole njo vinajua.”

Kwamba vidole ndivyo vinavyojua, mimi sikuamini; nilidhani unaficha ubovu. Nilikuwa nimerudi kutoka Goma na miezi mitatu ya mafunzo ya kompyuta, cheti kipya, na kichwa kikubwa. Jumapili moja, ulipokuwa kwenye misa, nilifungua mipangilio nikaibadilisha. Nikajaribu: A ikatoa A, M ikatoa M. Nilifurahi sana. Nilitaka ugundue mwenyewe, ushangae, kwa hiyo sikukuambia.

Kesho yake watu wa Nyamitaba walifika, wamekimbia mapigano, wakajazana kwenye baraza ya kanisa. Waliokuwa wakigawa maturubai walitaka orodha ya familia, na idadi ya watu wa kila nyumba, kabla ya saa sita. Ulipita ukiandika majina kwenye daftari, kisha ukaketi kwenye kompyuta. Mafuta ya jenereta yalikuwa kidogo na mwenye pikipiki alikuwa anangoja nje. Uliandika kurasa tatu bila kuinua macho kutoka daftarini, ukazichapa, ukazikunja, ukazitia kwenye bahasha. Hukuzisoma tena, maana hukuwahi kuhitaji kufanya hivyo. Mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji. Niliporudi pikipiki ilikuwa imeshaondoka.

Orodha ilirudishwa jioni. Mama Maombi, aliyekuwa na mtoto wa siku nne, alikuwa amegeuka nukta na herufi za ajabu, na watu sita wa nyumba yake wamekuwa kialama kama kofia. Familia zote zilikuwa hivyo. Mvua ilinyesha, nao wakalala barazani bila turubai.

Ulizipitia zile kurasa moja moja. Mimi nilijua sababu palepale: vidole vyako vilikuwa vimefuata mpangilio niliouondoa. Nilifungua mdomo, lakini ukanitangulia.

“Mutoto wangu, vidole vimezeeka. Sasa njo wewe utaandika.”

Sikukuambia kwamba ni mimi. Niliwaogopa waliosimama mlangoni. Asubuhi, mafuta yalipopatikana, niliandika orodha upya nikitafuta vitufe kimoja kimoja. Ikatoka safi, na watu wakanisifu kwamba nimemwokoa papa yangu. Sifa zile zilikuwa tamu. Nasema hivyo kwa aibu.

Wiki ileile niliurudisha mpangilio wako kwa siri, nikakuomba ujaribu tena. Ulikataa. Hata tulipokimbilia Kirotshe, mtu akikuomba umwandikie barua ulimwelekeza kwangu. “Muulize mutoto,” ulisema. “Kwangu ilishaisha.” Ukabaki na kalamu, na utani ukapungua. Mimi kila mara nilijiambia nitakuambia kesho, na kesho zilikuwa nyingi, Papa. Ulinipa miaka mizima.

Baada ya mazishi yako nilikuwa napanga vitu vyako, nikakuta kurasa zile tatu zimekunjwa ndani ya lile daftari la majina. Hukuzitupa. Sijui ulikuwa unatafuta nini ndani yake, na mara ngapi.

Jana niliketi nazo. Ukijua mtu alibonyeza kitufe gani, kila alama inasomeka: q ni a, nukta mkato ni m, ile kofia ni sita, maana kwenye mashine yako tarakimu zilibonyezwa pamoja na kitufe cha herufi kubwa. Nikafuata vidole vyako jina kwa jina, nikilinganisha na daftari. Maombi yupo. Watu wake sita wapo. Nilipofika mwisho nilirudia tangu mwanzo huku nalia, kwa sababu nilitamani nikute hata mahali pamoja ulipoteleza, nipunguziwe mzigo.

Hakuna kosa, Papa. Hata moja. Aliyekosea ni mimi.

Mikono yako ipumzike,

Binti yako wa kwanza