Nilimwambia Mwanangu Meno Yataota

Mama Gladys, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimeishiwa. Mimi ni mama wa watoto watatu huku Uru, na miaka mitatu iliyopita niliumwa gego nikashuka mjini Moshi, daktari akaliziba kwa dawa akasema nirudi baada ya wiki mbili, lakini maumivu yalikuwa yameisha na kahawa ilikuwa imeiva, sikurudi, na ile dawa ikaanza kumeguka kwenye chakula, nikaapa kwamba kuziba meno ni kudanganywa tu. Basi mwaka jana binti yangu Elinipendo, ana miaka kumi na moja, alipoumwa jino daktari akasema linazibika, mimi nikasema ng'oa, na mwezi wa nne likauma la pili nikasema ng'oa, na siku hiyo alilia njia nzima ya kupanda nyumbani mpaka nikamwambia nyamaza mwanangu, yataota mengine. Mama Gladys, yale yalikuwa meno ya ukubwani. Sasa kila asubuhi anasimama kwenye kioo, anapitisha ulimi kwenye pengo, ananiuliza, "Mama, limeanza kuchomoza?" Namjibu bado. Juzi la tatu, gego, limeanza kumuuma akinywa chai, akaniomba, "Mama, hili tusubiri kwanza yale yaote." Nilitoka nikaenda kulia kwenye migomba. Baba yake, Theodory, anaamini hakukuwa na njia nyingine, maana sikumwambia daktari alisema linazibika. Nimemharibu mtoto kwa mkono wangu, nifanyeje?

Mektrida, Uru

Marahaba, Mektrida. Pole, na sasa nisikilize. Dawa uliyowekewa ilikuwa ya muda, ndiyo maana uliambiwa urudi. Hukudanganywa. Ulimwacha daktari katikati ya kazi, kisha hasira zako ukamlipisha mtoto.

Meno mawili yamekwenda na sina la kukufariji hapo. Mwambie leo, umkalishe, useme: nilikosea, halafu nikakudanganya. Atanuna, pengine kwa siku nyingi. Mwache anune. Na Theodory asikie kwako, asisikie kwa daktari.

Jino la tatu lipeleke kwa daktari wiki hii hii. Uso ukivimba au homa ikipanda, siku hiyo hiyo. Usimwahidi kwamba litapona, hilo atalisema daktari. Uliza waziwazi: dawa hii ya kuziba ni ya muda au ya kudumu? Ukipewa kuchagua kati ya ile ya rangi ya fedha na ile ya rangi ya jino, uliza ipi itahimili kutafuna kwenye tundu la ukubwa ule, maana gego halionekani ukicheka. Muulize pia kuhusu mapengo, meno ya jirani yasije yakalalia huko. Ukipangiwa tarehe ya kurudi, rudi hata kama mtoto haumwi. Asubuhi na kabla ya kulala apige mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi, na pipi za kumung'unya kutwa zikome.

Tena hilo gego lako bovu bado liko kinywani. Mkifika, kaa wewe kwanza kwenye kile kiti, Elinipendo asimame pembeni akuone unavyofungua mdomo.