Pikipiki ya Baba Haina Ardhi

S.L.P. 318,
Kitengela.
16 Juni 2025.

Mpendwa kaka Simel,

Sopa! Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Doha, na kwamba joto halijakumaliza. Sisi hatujambo. Yeyo mama yetu anaendelea vizuri na sukari yake, mvua ilituachia majani ya kutosha, na ng'ombe wako wawili wamenona kuliko wewe. Nimempa barua Nasteho, binti ya Mzee Burale jirani yetu, anayekuja huko kazini. Kwenye simu huwa una haraka, na hili nataka ulisome polepole.

Baba anatembea bila fimbo sasa. Daktari aliyemfanyia upasuaji wa nyonga mwezi wa pili amemruhusu kuendesha taratibu, ila amemkataza kabisa kupiga kiki. Nawe unajua ile pikipiki yake ya mwaka 1982 ameiwasha kwa kiki siku zote. Stata ya umeme iko, lakini aliidharau, akisema swichi ni ya watu wa Nairobi.

Mwezi uliopita akaikalia, akabonyeza hiyo swichi. Ta! Kimya. Akabonyeza tena. Ta! Akashuka, akaifunika kwa turubai. "Mguu umekataa, nayo imekataa," akamwambia Yeyo. Siku hiyo hiyo ukapiga simu, ukamwambia aiuze kwa sababu amezeeka. Hakubishana nawe. Akapatikana mtu wa Gataka anayekusanya pikipiki za zamani, wakakubaliana aje Jumamosi iliyopita kuichukua. Baba aliacha hata kwenda Kajiado kumwona nyanya yetu Koko, maana hapendi kubebwa na dereva mwingine. Nilikukasirikia sana, Simel.

Miaka saba ya kuuza vipuri imenifundisha kitu, kwa hivyo nikaomba wiki moja. Nilianza na betri. Niliichaji, mita ikasoma zaidi ya volti kumi na mbili na nusu. Taa zikawaka, honi ikalia. Fundi Mulwa, ambaye karakana yake iko karibu na duka langu, akasema stata imekufa. Nikaifungua, nikasafisha kaboni zake, nikaiunganisha moja kwa moja na betri hapo chini kwenye gunia. Ilizunguka kwa nguvu hadi ikaruka. Nikairudisha mahali pake: ta! Nilitaka kulia.

Nikampigia Omolo, fundi wa umeme wa magari, nikaweka simu kwenye spika. "Hiyo haina earth, dada," akasema. "Betri iko sawa, stata iko sawa, lakini current haina njia ya kurudi. Angalia hiyo waya nyeusi inaenda kwa body." Nikamtafsiria Baba, aliyekuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki: "Anasema haina ardhi." Baba akanitazama. "Hata hiyo? Nani ameiuza?" Unajua tulivyouza shamba kipande kwa kipande hadi tukabaki na kona hii. Tulicheka mpaka Yeyo akatoka jikoni.

Nikafuata waya mweusi kutoka kwenye betri hadi pale unapofungwa kwa bolti kwenye fremu. Nikafungua. Chini yake nikakuta rangi nyekundu, nzito, inang'aa. Ni yako ya Desemba. Uliipaka vizuri kweli, kaka, hata mahali ambapo waya unapaswa kugusa chuma kitupu. Umeme kidogo wa taa ulipenya kwenye bolti, ule mwingi wa stata ukakwama. Tangu Krismasi swichi haikuwa ikifanya kazi, na kwa kuwa Baba alipiga kiki, hakuna aliyejua.

Nilipochukua msasa, Baba akanishika mkono. "Wacha. Hiyo rangi ni ya Simel." Nikamwonyesha kwamba ni mahali padogo, kama kifuniko cha soda. Akatoa kisu chake mfukoni akakwangua mwenyewe, taratibu, asizidishe hata kidogo. Nikafunga waya. Akabonyeza, ikawaka. Akaizima, akaiwasha tena. Alifanya hivyo mara sita.

Mtu wa Gataka alikuja Jumamosi akakuta turubai tu. Baba alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kwa Koko, akasahau kumpigia simu. Yeyo alimpa chai na maelezo.

Sasa nikwambie kwa nini nimeandika. Baba alinikataza kukutajia habari ya rangi. "Atajisikia vibaya," alisema, "na yuko peke yake huko." Watu wakimwuliza, anasema waya ulilegea. Nimekaidi kwa sababu ulipomwambia amezeeka, alikuamini. Neno lako analishika kuliko letu sote tulio naye hapa. Tafadhali mpigie Jumapili, na usiwe na haraka. Rangi usiitaje. Mwulize tu barabara ya Kajiado iko vipi siku hizi.

Koko anakusalimu, Yeyo pia, na mwanangu Nashipae anauliza utarudi lini. Enkai akulinde kazini na akulete nyumbani salama.

Ni mimi dadako, ninayekupenda hata ninapokusema,

Resian