Majina Mawili Yasiyo na Mstari

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana,
14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, ila sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe.

Nina habari, na nakuomba ukae kitako kwanza.

Lile jimbo letu la uchaguzi limeshafutwa. Wakubwa walilikata kwenye reli, nusu wakaiunga na mjini, nusu wakaiunga na mashambani. Tukalala jimbo moja tukaamka jingine bila kuhama kitanda. Juzi ofisi yake ya zamani iliniita nifungue kabati la chuma lililopotelewa na ufunguo. Lilinitoa jasho saa nzima. Nikamwambia karani huo ni ubora wa kufuli, si upungufu wa fundi.

Mjomba, mle ndani mlikuwa na jimbo zima! Chaguzi sita, tangu kitongoji chetu kilipokuwa tanuri la matofali na basi moja. Katika madaftari, kila aliyepiga kura jina lake limekatwa mstari kwa rula. Muuza mkaa, mkunga, yule jirani asiyesemezana na mtu: mistari yao sawasawa, hakuna wa mkubwa wala wa mdogo. Nilivua kofia. Karani akacheka, "Fundi, hapa si msibani."

Nikatafuta mwaka aliogombea Babu. Matokeo ni yaleyale: alishindwa kwa kura moja. Na jina lako halina mstari, maana ulitoka zamu ya usiku kiwanda cha mikate, usingizi ukakupitia mpaka kituo kikafungwa. Hilo halina ubishi. Walikuita Bwana Shuka mpaka ukahama mji.

Nikateremsha kidole. Jina la Babu mwenyewe nalo halina mstari.

Nilisoma mara tatu. Nilipomweleza Mama alikuwa anapiga pasi. Akaisahau juu ya shati langu.

"Asubuhi ile nilimwambia, Baba, twende ukapige kura. Akanijibu, mpishi hajipakulii kwanza. Nikadhani ananitania!"

Unakumbuka walivyokutania mezani, naye Babu akiinuka kwenda kumwagilia bustani, hata mvua ikinyesha? Wewe ulidhani ni hasira. Mama sasa anasema ilikuwa aibu.

Kura yako peke yake ingeleta sare tu. Ushindi ulihitaji na yake. Miaka ishirini na tisa umebeba peke yako mzigo wa watu wawili, na mwenzio mlikuwa mkila naye sahani moja.

Nisalimie mkaza mjomba na mapacha wako. Mama anakusalimu, amenituma niandike "kaka yangu" kisha akashindwa kuendelea. Mungu akulinde, alilainishe na hilo goti upande basi.

Njoo, Mjomba. Kitanda chako kipo palepale. Shuka nimefua mwenyewe.

Ni mimi mpwa wako, mwenye kukupenda daima,
Fundi Kufuli