Kuchagua Sinthesaiza ya Harusi ya Kiden

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mimi mutu wa bahati. Niandike wazi, hapa hakuna wa kubisha. Wengine wamerithi shamba kule Dadamu, wengine nyumba za kupangisha mjini. Mimi nilipewa masikio. Mwanamke akiimba neno moja tu, nimeshaipata sauti yake kwenye kibodi kabla hajafunga mdomo. Nimeendesha malori Mombasa, Juba, Kisangani — na bendi za kote huko zilitaka niache usukani. Masikio kama haya Mungu anatoa pea moja kwa mkoa mzima, tena siku akiwa amefurahi!

Leo kibodi yetu imekufa. Mvua ya juzi kule Pajulu, tukiwa tunapiga: turubai likajaa, likamwaga maji yote juu yake. Nimeianika juani, nimeipigia feni, nimeiombea. Vitufe vichache tu vinalia, navyo vinalia msiba. Asante, mama. Ulitulisha vizuri.

Na Jumamosi ya wiki ijayo tuna harusi Koboko. Anaolewa Kiden, mdogo wake Poni. Poni ndiye mwimbaji wetu, sauti ya asali, na hawezi kukaa kimya siku mdogo wake anaolewa. Kwa hiyo mashine lazima ipatikane. Tahiru, mpiga adungu wetu, kile kinubi cha nyuzi, amesema nichague mimi, wao watakubali chochote. Ananiita Afande kwa sababu baba yangu alikuwa mwanajeshi. Mimi mwenyewe cheo changu kikubwa ni darasa la sita.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yanawasha. Sitaki tena kibodi yenye midundo mia tatu na sauti ya mbwa. Nataka sinthesaiza. Ndogo, ya kubeba mgongoni kwenye pikipiki. Iko aina wanaita analogi ya kuigiza: zamani sauti ilitengenezwa na waya na umeme wenyewe, hii ndani ni kompyuta tu, inajifanya waya. Kama mimi ninavyojifanya msomi mbele ya wakwe. Nimeipenda papo hapo.

Shafik, muuza redio na simu wa Koboko, anazo mbili. Walimwachia watu waliokuwa wanahama Juba. Amenitumia picha.

Ya kijivu: vitufe vidogo kama vya mtoto, vidole vyangu vya usukani vitakanyagana. Inatoa sauti nne tu kwa pamoja — ukibonyeza ya tano, ya kwanza inanyamaza, kama bungeni. Lakini inakula betri za tochi! Na juu imejaa nobu za kuzungusha, kila kazi na nobu yake. Moja ni ya kupandisha na kushusha ngazi ya sauti ya mashine nzima, kidogo kidogo, kwa mkono. Hiyo ndiyo nobu ya mutu mwenye masikio.

Nyeusi: vitufe vikubwa vya heshima, sauti nane. Nobu chache. Mambo mengi yamefichwa kwenye kioo kidogo, unafungua ukurasa, unafungua mwingine, ukifika unapotaka bi harusi ameshajifungua. Hata kupandisha na kushusha ni namba kwenye kioo. Namba! Na bila umeme ni ubao wa kukatia nyama.

Kevina hakutaka maelezo. Mke wangu anauza angara sokoni, samaki wakavu, na hajui filta ni kitu gani, lakini umeme wa Koboko anaujua. Amesema chukua ya betri, Baba Drateru, halafu ule, chakula kinapoa. Mungu alinipa mke mwenye akili fupi ya kufika haraka. Asante.

Alhamisi, 6 Novemba

Poni amepita na karanga za kukaanga, kikapu kizima. Roho ya huyu binti! Lakini koo lake bado. Tangu harusi mbili zilizopita anakwaruza kama breki za lori. Nimemkataza soda baridi. Akanywa tangawizi ya Kevina. Halafu akauliza taratibu kama mashine mpya itaweza kushuka. Nikamwambia, binti yangu, itashuka, itapanda, itafanya yote isipokuwa kufua. Akacheka kidogo, akashika koo.

Sisi tuna utaratibu wetu. Kabla ya wageni kukaa, Poni anaimba wimbo wa kwanza kwa mdomo uliofungwa, pale koo lake linapopenda. Mimi napandisha au nashusha kibodi mpaka imkute. Halafu Tahiru anakaza nyuzi za adungu zifuate kibodi. Nikishasema "hapo", ni hapo. Kanisa gani lina nidhamu hiyo?

Jumamosi, 8 Novemba

Koboko na kurudi, kwa pikipiki ya Tahiru. Vumbi nimelila la kutosha mwaka. Shafik alitupokea kwa chai na mandazi kabla hata ya kuulizia biashara. Baba yake na baba yangu walikaa kambi moja, kwa hiyo pale mimi ni mtoto wa nyumbani.

Nikajaribu ya kijivu. Filta yake nzuri! Unazungusha, sauti inatoka chini ya maji polepole, watoto wa barabarani wote wamejaa mlangoni. Nyeusi nayo ina sauti nene, ukibonyeza vidole vyote inajaza duka. Spika ya duka ilikuwa kulia kwangu; Tahiru alikaa kushoto, akapiga uzi mmoja wa adungu. Nikamwambia Shafik mashine yake ya kijivu imeshuka. Tukajaribu nyeusi. Nayo imeshuka! Shafik akatoa simu, iko programu ya kupima sauti, ina mshale. Mshale ukasimama katikati, kijani. Akasema simu inasema iko sawa. Nikamwambia simu haijawahi kucheza harusi.

Watu wote wakacheka. Tahiru hakucheka sana. Alikuwa anaangalia kidole chake kwenye uzi.

Shafik hakubishana. Mutu muungwana. Akasema chukua zote mbili, mzee, nenda nazo nyumbani, zikae mezani kwako, Ijumaa utanirudishia moja. Bila karatasi, bila shahidi. Dunia hii bado ina watu. Nimemwombea njiani kote, na pikipiki ikiturusha.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani leo kinanda nacho kimeshuka. Arua yote imeshuka. Sijui ni joto.

Jumatano, 12 Novemba

Asubuhi jua lilikuwa linaingia dirishani, nikageuza meza. Spika iliyokuwa kulia kwangu ikawa kushoto. Nikawasha nyeusi, nikamwambia Kevina aimbe chochote. Iko sawa! Nikafurahi, nikasema mashine imepona yenyewe, labda vumbi limetoka. Kevina akaenda sokoni.

Jioni nikarudisha meza. Nyeusi ikaugua tena.

Nikaziba sikio la kulia kwa kidole. Ikapona. Nikaziba la kushoto. Ikashuka. Kitufe kimoja, sijaacha kukibonyeza, na sauti mbili! Nikachukua ya kijivu. Vilevile. Nikafungua mlio wa simu. Vilevile. Mpaka honi ya bodaboda nje, nikasimama mlangoni nageuza kichwa huku na huku kama kuku.

Sikio la kulia linasikia chini. Lile la upande wa dirisha la lori, miaka yote ya upepo na honi. Na kila harusi spika iko kulia kwangu, Poni yuko kushoto.

Kwa hiyo Poni namsikia alipo. Kibodi naisikia chini yake. Naipandisha. Nasema hapo.

Sijamwambia mutu. Kevina ameuliza mbona sili. Nimesema karanga.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemwita Tahiru peke yake, nikasema tufanye mazoezi ya nyuzi. Nikampa chai, nikampa sigara, akashangaa. Nikamuuliza kwa mzaha, kama naulizia habari za mpira, kwa nini siku hizi nyuzi zake zinakatika sana. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namcheka mbele ya watu kwamba ananunua nyuzi za kuvulia samaki.

Akazungukazunguka. Ng'ombe, mvua, bei ya petroli. Mwisho akasema bila kunitazama:

"Afande, wewe ukipanda, mimi napanda. Nyuzi inakazwa mpaka inakatika. Hiyo ni kazi ya nyuzi."

Nikauliza, na Poni?

"Poni alisema koo itapona. Lakini mutu mzima ukimwaibisha mbele ya wageni, huyo haponi."

Basi walijua. Walidhani ni mapenzi yangu tu, kwamba napenda muziki ukae juu, na mzee akipenda juu vijana wanapanda. Harusi ngapi binti yule amepiga kelele kwenye ngazi isiyo yake kwa ajili ya heshima yangu! Na mimi namkataza soda.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Mdomo nikaufungua. Nikasema: nilikuwa nawapima, nione nani atalalamika wa kwanza. Tahiru akacheka, mtoto mzuri, akacheka kwa bidii kuliko mzaha wenyewe. Alivyoondoka nilisimama uani nikashindwa hata kujitukana. Watu wamenibeba mgongoni mwaka mzima na mimi huko juu nadhani natembea. Asante, Tahiru. Asante, Poni. Nawaandikia hapa kwa sababu nje sikuweza.

Na sasa ndiyo nazielewa mashine mbili. Vitufe vidogo, vitufe vikubwa, sauti nne, sauti nane, yote hayo ni maneno ya dukani. Ya kijivu ina nobu, na nobu inataka sikio langu. Nikiichukua, nitabaki Afande, nitasema hapo na itakuwa hapo. Nyeusi ina namba. Poni akishajua namba ya koo lake, ataiweka mwenyewe, hata mpishi anaweza kuiweka. Mimi nitabaki vidole tu.

Ijumaa, 14 Novemba, Koboko

Naandika haraka, nimeketi juu ya gunia la mchele, chumba cha nyuma nyumbani kwa akina Poni. Nje nyumba imejaa, leo ni mkesha wa harusi na tunaanza kupiga. Mahema yamesimama, wanawake wanachambua mboga na kusemana, Waislamu wamepewa mbuzi wao wachinje wenyewe, kila mutu anajua kazi yake. Tulivyofika mama yake Poni alituletea maji ya kunawa kabla ya maneno yoyote. Kisha Kiden akaja. Bi harusi, mkono umejaa hina, akapiga magoti kunisalimia! Akasema bila mimi dada yake asingekuwa mwimbaji. Nikamwinua. Nikasema mzaha gani sijui, watu wakacheka.

Umeme upo. Na shangazi yao ana sola na betri ya gari, amesema ikikatika tutatumia hiyo, ni ya kwetu mpaka Jumapili. Kwa hiyo siwezi kuusingizia umeme. Kevina alikuwa na jibu zuri, na limeisha.

Mashine zote mbili ziko mezani chini ya hema, zimewashwa. Shafik amekuja kuchukua moja, amekaa kwenye kiti cha plastiki, hana haraka, ananiambia chagua, mzee, yoyote ni yako. Spika wameiweka kulia kwangu, kama kawaida, Tahiru mwenyewe ameibeba. Poni ameimba kwa mdomo uliofungwa. Koo halijapona. Sauti imetoka chini, laini, imechoka, pale inapoweza kukaa. Halafu akanitazama, na Tahiru akalegeza nyuzi zote, akanitazama. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye nobu ya kijivu. Nimeona Poni amevuta pumzi na kunyoosha shingo — anajiandaa kupanda.

Nikasema nafuata chaja ndani.

Chaja iko mfukoni mwangu.

Tahiru ameita mara mbili, kwa adabu, kwamba wazee wanaanza kukaa. Namsikia kwa kushoto. Poni anamwambia aniache, nitakuja tu, yeye atasubiri. Hata sasa ananitetea.

Nilijiandikia humu kwamba nina masikio ya bahati. Uongo. Sikio la kulia limekufa, na ninayemuua nalo ni Poni.