Sahani ya Mama Iliyobaki Texas

Edmonton, London
9 Novemba 2024

Mpenzi mdogo wangu Miska,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, hajambo Muhsin, hawajambo watoto? Sufian jino lake limeota? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mama magoti yanamsumbua kwa baridi hii, lakini sauti yake bado ungeisikia huko huko bila ya simu.

Nimepata ujumbe wako wa Ijumaa. Umesema chumba cha Mama umeshakipaka rangi, na kaka Ameir kule Unguja ameridhia Mama ahamie kwako Texas moja kwa moja. Mmeshauriana vizuri nyinyi wawili. Mama mwenyewe hamkumuuliza, na mimi ninayekaa naye hamkuniuliza. Basi jibu langu ni hili: Mama haji.

Usinune, nisikilize kwanza. Tulikaa kwako msimu mzima wa joto na ulitutunza, Mungu akulipe. Nyumba yako kubwa, friji lako mtu anaweza kulala ndani. Wamarekani nimewapenda, kila mtu anakuuliza hujambo, tabu ni kuwa ukianza kumjibu ameshapita. Lakini mji ule umejengewa magari. Dawa unapewa dirishani umo garini, kahawa garini, benki garini. Mlango wa gereji unafunguka wenyewe, na jirani yako wa kulia sikupata kumwona akikanyaga chini. Nilipokwenda dukani kwa miguu, watu walisimamisha gari kuniuliza nimepatwa na nini.

Na lile jambo la sahani bado linanikera. Mama alipika mkate wa kumimina, akaukata, akaufunika kitambaa, akavuka barabara kumpelekea yule mzee wa mkabala, kama alivyofanyia majirani umri wake wote. Wala hakupita mlango wa mbele. Mwanamke mtu mzima anapita uani, hodi hodi mpaka jikoni, ndivyo tulivyolelewa. Mtu wa nyumba ya pili akamwona kwenye kamera yake akaita polisi. Tulipofika mbio, Mama amekaa kitini, mzee anatafuna mkate, na askari naye anakaribishwa kwa Kiswahili.

Mimi nilicheka. Wewe ulilia kwa aibu, ukamwambia, "Mama, usitoke tena bila ya mimi." Na wewe unatoka asubuhi, unarudi magharibi. Tangu siku ile Mama alikaa dirishani akitazama majani ya watu yanavyokatwa, na chakula akawa anakigusa tu. Hukuliona hilo kwa kuwa hukuwapo. Mimi nililiona, na liliniuma sana.

Sisemi London ni pepo. Nyumba yetu ina unyevu, ngazi nyembamba, na kwenye treni hakuna anayekutazama usoni. Wanangu nao wananijibu Kiingereza kama wako. Lakini Mama hapa akitaka kutoka anatoka. Exaucé, yule Mkongo wa mlango wa pili anayefanya kazi ya kutunza wazee, akiona pazia letu halijafunguliwa asubuhi, anagonga. Sahani ya Mama huenda kwake na vitumbua, ikarudi na kisamvu cha kwao. Mlango wa uani tumeshamwonyesha.

Kwa hiyo ukitaka kukasirika, kasirika, na Ameir naye anipigie, nitamjibu haya haya. Chumba mpe Sufian.

Nisalimie sana Muhsin, na watoto nibusie. Mama anakuombea kila sala, na mimi pia, pamoja na hasira zangu. Mwenyezi Mungu akuhifadhini nyote na nyumba yenu aijaze kheri.

Limebaki moja. Sahani ya Mama, ile ya maua mekundu, bado iko kwa yule mzee. Anaitwa Ryan. Mkewe amefariki, alimwonyesha Mama picha yake. Mama hajui Kiingereza na hayo anayajua, na wewe umekaa mkabala naye miaka yote hii unamwita "yule jirani". Vuka barabara ukaichukue, kwa miguu yako. Halafu siku nyingine mrejeshee na kitu ndani. Ukishaizoea njia hiyo nipigie, na mimi ndipo nitakapomuuliza Mama kama anataka kuja.

Dada yako akupendaye hata ukimnunia,
Suad