Kadirio la Ndalu

Jumatatu, 9 Juni
Kagwe tena! Bosi analalamika kompyuta ya Bungoma inakuwa nzito mpaka saa nne asubuhi, ati wapima ardhi wanakaa bure. Nimemweleza: kila usiku programu ya bekapu inahesabu faili zote kwanza, ijue inabeba mzigo gani kuja Kitale. Iko njia ya mkato – isihesabu, iangalie nakala za nyuma, ikisie. "Weka hiyo." Nikasema basi ninunulie diski kubwa ya huku Kitale. Akacheka. "Fundi simu, wewe unapenda vitu." Nimemjengea mtandao wote, bado mimi ni fundi simu! Nimeweka.

Jumanne, 10 Juni
Kadirio limetoka mara moja. Gigabaiti 38. Kagwe amefurahi. Nikasoma 38, nikafunga.

Jumatano, 11 Juni
Sifuna, mpima wetu, amepiga kutoka Bungoma. "Nyaruai, niaje. Hii mashine inaria bana. Tak, tak." Diski inayolia hivyo inakaribia kufa. Nikamwambia atulie, kila kitu kiko Kitale.

Halafu nikafungua ripoti yote. Kadirio 38. Mzigo wenyewe 290! Jumatatu Sifuna alimwaga humo picha zote za droni za shamba la Ndalu. Nakala za nyuma hazina Ndalu – programu ingejuaje? Ingehesabu, ingenionya. Diski ya Kitale ilijaa, nakala ikakatika. Ndalu haiko.

Picha zilipigwa kabla ya kulima, bikoni, yale mawe ya mpaka, zikionekana. Sasa mahindi yamepita kichwa, na trekta iling'oa bikoni mbili. Kesi ya ndugu wawili wanaogombania mpaka huo ni wiki ijayo. Nimemuuliza Sifuna kadi za droni. "Si nilifuta. Si ulisema bekapu iko?"

Nilisema. Kesho asubuhi naenda Bungoma.

Alhamisi, 12 Juni – Bungoma
Niko ofisini kwa Sifuna. Nimechomeka diski yangu mwenyewe, nanakili Ndalu. Tak, tak. Kagwe anapiga: imebaki ngapi? Sijui. Nikiambia mashine ihesabu, itahangaika zaidi, pengine ife hapo hapo. Mimi, nisiyenunua hata sukuma bila hesabu – nakisia! Kagwe: ikipotea, nisirudi Kitale.

Mlio umenyamaza.

"Umeona? Imepona," Sifuna anasema. "Mungu ni mwema." Anaenda kuweka maji ya chai.

Taa ya mashine iko mbele yangu. Naandika tu, nisiinue macho nikaona imezima.