Maksai wa mahari amepungua kilo thelathini na moja, wakwe wanasema nimembadilisha

Mama Asnath, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na kama utaichapa barua hii tafadhali usitaje jina langu, maana ofisini kwetu Nduguti gazeti lako husomwa na kila mtu kuanzia mlinzi.

Mimi ni karani, nina miaka ishirini na sita, nimemchumbia Dorkas wa Iguguno, na wazazi wake walitaka ng'ombe watano, wanne wa kawaida na mmoja maksai mnene wa kuchinjwa siku ya harusi, na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika, nikaona neno "mnene" halina kipimo na linaweza kuleta ugomvi, kwa hiyo katika barua ya mahari nikaandika "maksai mmoja mwekundu mwenye uzito wa kilo 312", nikatia sahihi na tarehe, nikaitanguliza kwao. Maksai huyo nilikuwa nimemlisha mwenyewe mashudu ya alizeti na pumba kwa miezi minne, nikampima kwenye mizani ya mnadani, kisha mimi na mshenga wangu Simeoni tukawaswaga wote watano kwa miguu hadi Iguguno, siku mbili, jua la Oktoba, malambo yamekauka, wakanywa maji mara moja tu.

Tulipofika tu, baba mdogo wa Dorkas, mzee Hosea, ambaye ana bucha, akasema twende mizanini. Mizani ikasoma 281. Akatoa barua yangu mfukoni, akavaa miwani, akasoma mbele ya watu wote.

"Karani, hizi kilo thelathini na moja zimeliwa na nani? Na mshenga?"

"Mimi nimekula ugali tu, mzee," Simeoni akajibu, na watu wakacheka, lakini mimi sikucheka.

Shangazi yake Dorkas, mama Klara, akamshika maksai kwenye shina la mkia, akasema, "Huyu hajakonda. Njoo ushike hapa, kama mto wa kochi!"

Mzee Hosea akamjibu, "Dada, barua haikuandika mkia."

Basi wakapokea wale wanne, maksai wakamkataa, wakisema huenda tulimbadilisha njiani, na kwamba Jumamosi tulete kilo zilizoandikwa au tuje kuwachukua na wale wanne, na mimi najua maana ya kurudishiwa ng'ombe. Tumemwacha maksai kwa ndugu yake Simeoni hapo hapo Iguguno.

Sasa Mama, kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile Nduguti nilimpima mara mbili. Asubuhi kabla hajala alikuwa na 291. Jioni ametoka malishoni na kunywa maji akawa na 312. Nikachukua ya jioni, kwa sababu ilipendeza kwenye barua. Na Dorkas, tulipokuwa tunaagana, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimpima mara ngapi?" Nikamjibu mara moja. Sijui kwa nini nilijibu hivyo, mdomo ulitangulia.

Simeoni ananiambia nisiwe na wasiwasi. "Ijumaa tunamlambisha chumvi, hanywi kitu. Jumamosi kabla ya mizani tunampa ndoo moja na nusu. Lita thelathini ni kilo thelathini, hesabu ya darasa la tatu hiyo." Nimsikilize? Nisipomsikiliza, nitaoa?

Karani mwenye hofu, Nduguti

MAMA ASNATH ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa kicheko, unisamehe. Nimelea ng'ombe Manyoni kabla sijajua kusoma, na sijawahi kuona mahari yenye kilo na tarehe. Namshukuru Mungu hukugonga mhuri.

Kwanza tumtetee maksai, maana yeye hana kosa. Tumbo la ng'ombe ni ghala. Katika ng'ombe wa kilo mia tatu, hamsini zinaweza kuwa nyasi, maji na samadi ambayo bado haijatoka. Ukimpima ameshiba unapima na ghala. Ukimtembeza siku mbili juani bila maji, ghala linamwagika njiani, na wewe uliyekuwa nyuma na fimbo uliliona likimwagika. Nyama na mafuta vinajengwa taratibu, kwa malisho, umri, mbegu ya mnyama na kuhasiwa kwake, na havitoweki kati ya Nduguti na Iguguno. Ndiyo maana mama Klara alishika shina la mkia. Mkono wake ulipima mafuta, mizani ikapima safari. Kampelekee khanga mama huyo.

Sasa zamu yako. Ulikuwa na namba mbili, ukaandika moja. Hukuogopa ugomvi, ulitaka sifa. "Mnene" ni neno lililowaozesha bibi zetu wote, na aliyelitilia shaka alinyoosha mkono akashika ng'ombe. Wewe ukaleta mizani, kisha ukaipendelea. Mzee Hosea hajakuonea hata kidogo, amesoma ulichoandika.

Na huyo Simeoni mwambie akae kimya hadi siku ya harusi. Mnataka kumdanganya mwenye bucha kwa chumvi na ndoo? Mbinu hiyo ameijua tangu hujazaliwa. Atamtazama maksai ubavuni, atasubiri akojoe, halafu hutamwoa hata jirani yao. Tena ni ukatili kumnyima mnyama maji makusudi.

Fanya hivi. Leo mpigie ndugu yake Simeoni, maksai ale na anywe kama kawaida, apumzike. Andika barua mpya yenye namba zote mbili na saa ulizompima, na uombe apimwe tena Jumamosi alfajiri kabla hajala, wote mkiwepo. Nadhani atakaribia 291, lakini simuapii ng'ombe. Ikipungua hapo, toa mbuzi watakayemtaka wa kufidia, usijadiliane. Simeoni aipeleke barua kwa wazee, hiyo ndiyo kazi ya mshenga.

Lakini barua isitangulie. Dorkas alikuuliza swali lile kwa sauti ya chini ili upate nafasi ya kujibu bila aibu, na nafasi hiyo ukaitupa. Binti wa nyumba yenye bucha anajua mizani inavyopanda jioni. Kwa hiyo omba ruhusa ofisini, panda gari Alhamisi. Usimwambie kwa simu. Salimia wazazi, kunywa chai utakayopewa, kisha muombe mkae nje kidogo. Usianze na jua, wala malambo, wala Simeoni. Anza na namba ndogo.